Yai moja senti 55: maoni yangu kuhusu mayai na kuku wa Bio wa duka la shambani, nje ya Hannover

Wadau mlioko huku Ujerumani, hasa upande wetu wa jimbo la Niedersachsen, wengi mmeniuliza kuhusu hili duka la shambani ninakonunuaga mayai na kuku wa Bio (yaani wa kilimo hai), kwaiyo naandika yote hapa mara moja. Jina la shamba siliweki maana wenyewe ni familia na hawapendi kuanikwa mtandaoni, ila mashamba ya aina hii yapo mengi kuizunguka Hannover na kuelekea Lüneburger Heide, kwaiyo nitakayosema yatakufaa popote utakaponunua. Nianze na maksi kabisa: mayai nyota 5, kuku mzee wa supu nyota 5, jogoo nyota 4, huduma ya duka nyota 3. Bei sijaipa nyota kwa sababu bei ndo hasa nataka tuiongelee. Watu wanaiona wanakimbia, na mi naamini mtu akijua kila senti inaenda wapi hatakimbia tena, au kama atakimbia basi atakimbia akiwa anajua.

Haya. Duka ni kibanda cha mbao kando ya barabara ya kijiji, hamna muuzaji, kuna mashine ya vioo yenye visanduku, unaweka sarafu au unagusisha kadi, kimlango kinafunguka unachukua chako unaondoka. Boksi la mayai 10 ni yuro 5.50. Supamaketi za bei chee mayai 10 ya kuku wanaofugwa ndani unayapata kwa yuro mbili na ushee hivi, na Bio ya supamaketi hiyohiyo inacheza kwenye yuro tatu na nusu mpaka karibu nne. Yaani hapa unalipa mara mbili na zaidi ya yai la kawaida, na hata kwa Bio ya supamaketi bado umezidisha sana tu.

Kwa wageni: kila yai linalouzwa madukani nchi za Umoja wa Ulaya lina muhuri wa namba juu ya ganda. Tarakimu ya kwanza ndo muhimu, 0 ni Bio, 1 ni kuku wanaotoka nje, 2 ni wanaofugwa ndani bila vizimba, 3 ni vizimba. Inafuata nchi, halafu kwa Ujerumani tarakimu mbili za jimbo, kisha shamba na banda. Ya kwangu yanaanza 0-DE-03, hiyo 03 ndo Niedersachsen. Mi hiki kitu nakipenda mno, mlaji yuko jikoni kwake ghorofa ya nne na anaweza kujua yai limetagwa banda gani. Zoea kuangalia ganda, achana na picha ya kuku kwenye majani iliyopo kwenye boksi, maana picha haina sheria ila muhuri unayo.

Sasa bei.

Sheria ya Bio ya Ulaya inasema ndani ya banda wasizidi kuku 6 kwa mita moja ya mraba, wakati wale wa namba 2 na namba 1 wanaruhusiwa 9. Ukisikia haraka haraka unaona 6 na 9 si tofauti kubwa, lakini chukua karatasi upige hesabu kama mfugaji. Kwenye mita za mraba 100 jirani yako anaweka kuku 900, wewe unaweka 600. Mkopo wa benki wa jengo uleule, paa lilelile, anayeamka alfajiri kufungua milango ni mtu yuleyule, na mayai yako ni theluthi mbili ya ya kwake. Kila gharama isiyobadilika inagawanywa kwa mayai machache, na hapo hujanunua hata punje ya mahindi. Kisha kuna nje: kila kuku lazima awe na mita 4 za mraba za uwanja, kwaiyo kuku 3,000, ambao ndo mwisho unaoruhusiwa kwenye chumba kimoja cha banda la Bio, wanahitaji mita za mraba 12,000, kama ekari tatu hivi, na Niedersachsen ardhi inagombaniwa na wafuga nguruwe, wafuga ng'ombe na wanaolima mahindi ya kutengenezea gesi. Hizo ekari tatu hazikupi mayai zaidi, zinampa kuku mahali pa kuparua na kujigaragaza vumbini, na anayelipia kuparua huko ni sisi wanunuzi au ni mfugaji kutoka mfukoni kwake, hamna mtu wa tatu.

Shamba ninaloliongelea wanatumia mabanda ya magurudumu, wanayavuta kwa trekta kila baada ya siku kadhaa ili majani yapumzike, kinyesi kisijazane sehemu moja na minyoo wasizoee. Banda kama hilo linabeba kuku mia chache tu na bei yake ni makumi ya maelfu ya yuro, na kazi ya kuhamisha uzio wa umeme haifanywi na mashine, ni mtu na mikono yake, mvua inyeshe isinyeshe. Hii ya kuhamisha hamisha sheria haiwalazimishi, ni wao wameamua, na hapa ndo tofauti kati ya Bio ya senti 37 na Bio ya senti 55 inapoanzia.

Wengi hawajui kwamba kuku asili yake ni ndege wa msituni, hapendi kusimama uwanja mweupe juu pana mwewe. Unaweza kumpa mita 4 kama sheria inavyotaka na bado akajibanza mlangoni siku nzima kama hakuna miti wala vichaka, kwaiyo mfugaji makini anapanda miti, na mti unakula hela miaka mingi kabla haujatoa kivuli cha maana. Mwewe na mbweha nao wanachukua chao, kuku wa ndani hafi kwa njia hiyo. Nimewaona hapa wamefuga mbuzi pamoja na kuku kwenye uwanja mmoja ili mwewe aogope, kinasaidia kiasi gani mi sijui kupima ila wenyewe wanakiamini na mbuzi wanatunzwa vizuri.

Chakula ndo mzigo mkubwa kuliko yote, hili kila aliyewahi kufuga anajua hata awe Kibaha au Kiambu. Kuku wa mayai anakula kama gramu 125 kwa siku, kwa mwaka ni kilo 45 na kitu. Chakula cha Bio bei yake ni karibu mara mbili ya cha kawaida. Kilo ukiiweka senti 60 na kuku ukimpa mayai 280 kwa mwaka, kila yai limekula chakula cha senti kama 10 kabla hujalipa kifaranga, umeme, mfanyakazi wala boksi. Na kuna ugumu wa ziada, kwenye Bio ya Ulaya hairuhusiwi kuongeza zile asidi amino zinazotengenezwa kiwandani, methionini ikiwa ya kwanza, ambayo mfugaji wa kawaida anaitia kijiko tu mambo yanaisha. Wa Bio lazima aitafute kwenye mashudu ya soya na ya alizeti, na asilimia 30 ya chakula chote angalau itoke shambani kwake au mkoa uleule. Protini ikipelea kuku wanaanza kudonoana manyoya, na kwa vile kuwakata midomo kama kawaida ya kazi ni marufuku, tatizo linaonekana upesi na linaumiza ndege na mfuko wa mwenye nao. Mfugaji anazuia kwa kuwapa marobota ya majani makavu, mawe ya kudonoa, maranda safi, na kuwatembelea mara nyingi. Hayo yote ni muda, na muda wa mtu Ujerumani si wa bei chee.

Sasa nije kwenye kaka zao, maana hapa ndo pananigusa kuliko pote.

Kuku wa mayai wa kisasa, dada yake anataga, kaka yake hana kazi: hatagi, na nyama haweki haraka kama broila. Ujerumani walikuwa wanaua vifaranga madume kama milioni 45 kila mwaka, siku ileile ya kutotolewa. Kesi ilifika mahakama kuu ya utawala, mwaka 2019 ikaamuliwa kwamba sababu ya kiuchumi peke yake haitoshi kuhalalisha, ila waliruhusiwa kuendelea kwa muda mpaka njia mbadala zipatikane, na tangu tarehe 1 Januari 2022 ni marufuku kabisa. Mbadala ziko tatu. Unapima yai likiwa bado kwenye mashine ya kutotolesha ujue ni dume au jike, madume unayatoa mapema. Au unawafuga hao madume mpaka wafae kuliwa. Au unarudi kwenye mbegu ya kuku wa kazi mbili, jike anataga vya kutosha na dume ana nyama ya kueleweka. Kupima ndo rahisi, inaongeza senti moja au mbili kwa yai, na makampuni makubwa wengi wamekwenda huko. Vyama vya wakulima wa Bio, Bioland na Demeter, wamekataa kupima, wanasema kaka afugwe, na tangu 2015 wana kampuni yao ya pamoja ya kuzalisha mbegu ambayo imetoa kuku wanaoitwa Coffee na Cream.

Kumfuga kaka ni hasara ya wazi. Broila wa kawaida anachinjwa wiki ya tano au ya sita, huyu anakaa miezi mitatu minne na zaidi na bado hafikishi uzito ule, anakula tu. Ndo maana ukiona boksi limeandikwa Bruderhahn, yaani jogoo kaka, ujue yai limeongezewa kama senti 4 za kumlea kaka. Senti 4 mara mayai 280 ni yuro 11.20, hiyo ndo ada ya jogoo mmoja aishi, na inalipwa na watu wanaokula mayai ya kukaanga asubuhi bila hata kumwona. Mi hii kanuni naiona ni ya haki kabisa na nailipa kwa moyo mweupe, lakini nitasema wazi pia kwamba ina tundu: mara tu marufuku ilipoanza, kazi kubwa ya kutotolesha vifaranga ilihamia nchi jirani, na majogoo wengi wa mayai ya kawaida wakapelekwa kulelewa nje, Poland kwa mfano, ambako aliyenunua yai Hannover hawezi kujua wanaishije. Sheria ya nchi moja ndani ya soko la nchi nyingi inasukuma gharama ivuke mpaka. Hapa shambani kaka wako palepale upande wa pili wa barabara, unawasikia kabla hujawaona, na kwangu hicho peke yake kinalipia sehemu kubwa ya zile senti za ziada.

Kuna jambo jingine la kiuchumi ambalo sioni likisemwa sana. Miaka ile Bio ilipokuwa mbali kabisa na kawaida, mteja aliona tofauti kwa macho: huku kizimba cha waya, kule majani. Vizimba vile vya zamani Ulaya nzima vikafungwa 1 Januari 2012 kwa sheria iliyopitishwa 1999, Ujerumani ikatangulia mwisho wa 2009. Kukata midomo nako kuku wa kawaida huku hawafanyiwi tena tangu 2017 kwa makubaliano ya sekta. Kuua vifaranga kumekatazwa kwa wote. Kila hatua ni nzuri kwa kuku, sitaki hata moja irudishwe, lakini kwa mfugaji wa Bio maana yake ni kwamba sababu za mteja kumwongezea hela zimepungua wakati gharama zake zimebaki palepale au zimepanda. Zilizobaki ni nafasi, chakula, na ukubwa wa kundi, vitu ambavyo mtu wa supamaketi havioni. Kwaiyo anayemnyanyua mfugaji huyu ni mteja anayefika, anayeona, anayeuliza.

Na nikosoe na Bio yenyewe. Ile 0 kwenye ganda ni ileile kwa familia yenye mabanda mawili ya magurudumu na kwa kampuni yenye jengo refu lililogawanywa vyumba vya kuku 3,000, kingine kando ya kingine chini ya paa moja. Wote wako ndani ya sheria. Lakini yule mkubwa anagawanya gharama, ndo maana anaweza kuuza kwa senti 35 au 37 na supamaketi inamwandikia Bio sawasawa na huyu. Mimi ningependa muhuri uonyeshe hata ukubwa wa kundi, maana kwa sasa mdogo anashindana kwa bei na mkubwa wakati wamepewa jina moja, na mdogo hawezi kushinda hapo hata siku moja.

Wa Marekani wanaosoma hapa, kwenu ugomvi huu umekuwa mkali zaidi. Kuna mashamba ya organiki, ndo Bio ya kwenu, yaliyowekeza kwenye ardhi kuku watoke nje kweli, na mengine makubwa yalijenga vibaraza vyenye paa na wavu, sakafu ya zege, wakahesabu kwamba hapo ndo nje. Sheria ya kufafanua jambo hilo ilitolewa Januari 2017, ikafutwa Machi 2018 kabla haijafanya kazi, ikarudi upya Novemba 2023. Hiyo mpya inasema kibaraza si nje, inaweka kiwango cha uzito wa kuku kwa eneo ndani na nje, na masharti mengi yalianza kudaiwa Januari 2025, ila kwa lile la nafasi ya nje mashamba yaliyokuwa na cheti tayari yamepewa mpaka Januari 2029. Piga picha wewe ndo uliyenunua ekari mapema ukiamini sheria inakuja, halafu miaka na miaka jirani mwenye kibaraza anauza kwa lebo ileile kwa bei ya chini. Sheria ikicheleweshwa kuna anayelipa gharama, na anayelipa ni yule aliyetii mapema. Huku Ulaya nako tusijisifu mno, watu karibu milioni 1.4 walisaini kutaka vizimba vya mifugo vikomeshwe kabisa, Kamisheni ya Ulaya ikaahidi mwaka 2021 kuleta pendekezo la sheria kufikia mwisho wa 2023, na 2023 ikapita bila hilo pendekezo.

Na ujue pia muhuri unaishia kwenye yai zima. Tambi, biskuti, keki, mayonezi, hapo hakuna sheria ya kuandika kuku alifugwaje, na mayai ya vizimba kutoka nje yanaingia kwa mlango huo. Mtu ananunua Bio kwa ajili ya kifungua kinywa na jioni anakula tambi za mayai ya vizimba bila kujua. Mi siku hizi tambi nanunua zisizo na mayai kabisa, au zile walizoandika kwa hiari yao.

Baada ya hayo, chakula chenyewe. Mayai haya ganda ni gumu, ute umesimama, ukilipasua kwenye kikaango halitambai. Ukubwa haulingani, kwenye boksi moja utakuta kubwa kabisa na dogo la kuku aliyeanza kutaga juzi, kama unaoka keki kwa vipimo pima kwa gramu, usihesabu idadi. Kiini kinabadilika na msimu: kiangazi majani yakiwepo kinakuwa cha njano iliyokolea kama ya mayai ya kienyeji tuliyozoea nyumbani, baridi ikikaza kinapauka. Watu wanalalamika wakiona kimepauka wakati hiyo ndo dalili kwamba hakuna rangi ya kiwandani kwenye chakula, maana kwenye Bio hairuhusiwi. Chipsi mayai yake ni tamu sana, na ukichemsha kwa ajili ya biriani kiini hakiachi ule mduara wa kijani upesi ukikiwahi.

Kuku mzee wa supu sasa. Jamani. Wajerumani wengi hawamtaki tena, anatakiwa saa tatu jikoni na watu hawana hizo saa, kwaiyo kwenye ufugaji mkubwa kuku akimaliza kutaga thamani yake inakaribia sifuri, kumkamata na kumsafirisha kunakaribia kula bei yake yote. Hapa wanamuuza yuro 12 akiwa amechinjwa na kusafishwa, ameganda. Kwetu sisi huyu ndo kuku. Nyama imekomaa, mfupa una ladha, mafuta yanaelea juu ya supu ya dhahabu. Mchemshe taratibu na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi tu, ndimu mwishoni, halafu nyama yake mrudishe kwenye nazi au muoke kidogo. Na kiuchumi hizo yuro 12 zina uzito kuliko zinavyoonekana, kwa sababu ni hela ambayo kwa mfugaji wa kawaida haipo kabisa. Nimemsikia mama mwenye shamba akisema wateja wanaotoka Afrika na Uturuki ndo wanaomalizaga kuku wake wa supu. Sisi tusiochagua kidari peke yake tunawabeba hawa wafugaji kuliko tunavyofikiria, maana mtu anayekula yai tu bila kula kuku wala jogoo anamwachia mfugaji hasara mbili mkononi.

Jogoo nimempa 4 kwa sababu moja, kidari chake ni kidogo na mtu akitarajia broila atasikitika. Mapaja yako vizuri, nyama ina rangi na ina ukinzani kidogo kwenye meno kama ya kienyeji. Usimkaange mkavu, atakuwa mgumu. Kuku wa kupaka anampendeza, au mchuzi mzito wa nazi kwa moto mdogo, saa moja na nusu hivi. Bei yake kwa kilo ni ya juu, sitaficha, ni mara tatu ya kuku wa supamaketi na zaidi. Kuku wa nyama wa Bio kwa ujumla wake sheria inataka awe wa mbegu inayokua taratibu au asichinjwe kabla ya siku 81, na ndo maana Bio kwenye nyama ya kuku imebaki sehemu ndogo sana ya soko la Ujerumani wakati kwenye mayai imeshika vizuri. Mtu anakubali kuongeza senti 30 kwa yai, haoni kama ameongeza. Ukimwambia aongeze yuro 12 kwa kuku mmoja anarudisha mkono.

Huduma 3, na nieleze. Jumamosi ukifika baada ya saa sita mchana mashine imeshaisha mayai, hakuna njia ya kujua kabla hujafunga safari, na basi la kijiji wikiendi linapita mara chache mno. Visanduku vya chini havina maelezo, huwezi kujua kuku ni wa kilo ngapi mpaka umlipie. Maboksi wanapokea ukirudisha, hilo zuri. Ningeomba waweke hata namba ya simu ya kuuliza kama mzigo upo, wateja tusio na magari tungefarijika.

Mafua ya ndege nayo yaandaliwe akilini. Ndege wanaohama wakipita vuli na baridi, wilaya ikipata maambukizi inatoa amri kuku wote wafungiwe ndani, na Niedersachsen yenye kuku wengi kuliko jimbo lolote Ujerumani inapigwaga. Mayai yanabaki kuwa Bio kipindi hicho, hata ya namba 1 tangu mwisho wa 2023 hayapotezi tena jina kwa kufungiwa kwa amri, zamani yalikuwa na wiki 16 tu. Mtu asione kuku ndani akasema ametapeliwa. Bei haishuki siku hizo na wala haipaswi, mwenye mabanda ya magurudumu ndo anayeteseka zaidi maana banda lake dogo limetengenezwa kwa kuku wanaoshinda nje, ikabidi afunge nyavu na mapaa ya muda.

Wa nyumbani mlionipigia mkitaka kujua kama mfuge hivi mpate soko la Ulaya: kwa mayai msahau Ulaya, angalieni soko lenu. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007 na alama ya Kilimohai, na mteja wa Dar au Nairobi tayari analipa zaidi kwa yai la kienyeji bila kuonyeshwa cheti. Kazi iliyopo ni kuilinda hiyo imani, kwa sababu wapo wanaouza mayai ya kuku wa kisasa kwa jina la kienyeji na wanawaharibia walioachia kuku uwanja. Chukueni lile wazo la muhuri kwenye ganda, hata kikundi cha wafugaji kumi kijijini kinaweza kugonga namba zao wenyewe na mteja akajua wa kumpigia.

Kwa anayetaka kwenda: nenda Ijumaa jioni, beba sarafu maana kifaa cha kadi kinagoma baridi ikizidi, na mfuko wa baridi kama ni kiangazi. Kuku wa supu hutoka kundi likibadilishwa, wanabandika karatasi mlangoni wiki kadhaa kabla, unaandika jina na idadi. Majogoo wengi wanachinjwa vuli na wanaisha haraka, mimi huwa nachangia na majirani wawili tunachukua oda moja tunagawana, hapo hata nauli inakuwa nafuu.